Orodha ya Maandiko na Rovu la Bibi

Mimi ni mwenyeji wa Nkombo, kisiwa kilichoko kusini ya ziwa Kivu, wilaya ya Rusizi. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na rovu, yaani ule uvimbe wa shingo ambao kwa Kinyarwanda huitwa umwingo. Kila alipokwenda sokoni alijifunga kitambaa shingoni, hata siku za jua kali, kwa kuwa watu walisema rovu ni laana ya ukoo. Sisi wajukuu tuliona haya kumwuliza.

Nilipokuwa kidato cha pili nilimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Hakunijibu kwa maneno mengi. Alinipa karatasi yenye orodha ya maandiko ya mtaalamu mmoja, akasema, "Soma majina na miaka tu, kisha uniambie mtu huyu alikuwa akitafuta nini." Nilidhani ananifanyia mzaha. Je, orodha yaweza kumfundisha mtu? Leo nataka kuwaonyesha, wasomaji wenzangu, ya kuwa yaweza.

Mtaalamu huyo ni François Delange, daktari wa Ubelgiji. Maandiko yake ya mwanzo juu ya rovu yahusu kisiwa cha Idjwi, jirani yetu wa upande wa Kongo katika ziwa hilihili.

Tazama kwanza mwaka 1968. Delange na wenzake, Thilly na Ermans, waliandika juu ya upungufu wa iodini, ambayo wengi huiita madini joto. Tezi iliyo shingoni huihitaji ili itengeneze homoni za kukuza mwili na akili. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 150 tu kwa siku. Akizikosa, tezi hujitahidi mno, ikavimba. Lakini Idjwi palikuwa na fumbo. Watu wa kaskazini na watu wa kusini-magharibi walipungukiwa na iodini sawasawa, ila kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi wachache tu. Basi ilionekana kuwa upungufu wa iodini peke yake hautoshi. Pana kitu kingine.

Sasa tazama mwaka 1971. Jina la andiko la Delange na Ermans limebadilika: lataja chakula. Kitu kile kingine kilikuwa ni mihogo. Mihogo ina sumu ya sianidi, na isipotengenezwa vema sumu hubaki. Mwili huigeuza kuwa thiosianati, nayo huizuia tezi isivute iodini. Pale penye iodini ya kutosha, madhara hayo hayaonekani. Pale penye upungufu, rovu huongezeka.

Mwaka 1974 Delange alitoa kitabu kizima juu ya rovu katika Afrika ya Kati. Mwaka 1980 kikatoka kingine, juu ya mihogo, rovu, na watoto wanaozaliwa wakiwa wamedumaa mwili na akili. Wakati huo uchunguzi ulikuwa umefika Ubangi, kaskazini-magharibi ya nchi iliyoitwa Zaire. Wahariri wake walikuwa wanne: Ermans, Mbulamoko, Delange na Ahluwalia. Nilifurahi kuona jina la Mbulamoko, maana nilijua kuwa kazi hii haikuwa ya wageni peke yao.

Nilirudi kwa mwalimu nikasema, "Bwana, mtu huyu alitafuta jambo moja tu kwa zaidi ya miaka kumi." Akacheka, akasema, "Umeisoma."

Ndugu msomaji, ukipewa orodha kama hiyo usihesabu wingi wa maandiko. Yapange kwa miaka. Tafuta neno linalorudi, kisha angalia neno jipya liingiapo, kwani hapo ndipo swali lilipopiga hatua. Tena soma majina ya waliofanya kazi pamoja.

Likizo ilipofika nilimweleza Bibi yote. Nilimwambia kuwa rovu si laana, bali huletwa na upungufu wa iodini katika chakula. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na hili langu litaondoka?" Nikajibu kweli, kwamba rovu la miaka mingi huenda lisiondoke kwa chumvi. Akasema, "Basi mwambie mama yako mdogo. Yeye ana mimba."

Nilimwambia jioni ileile: anunue chumvi yenye iodini, aihifadhi katika chombo chenye kifuniko, aitie chunguni chakula kikikaribia kuiva, na mihogo michungu ailoweke siku tatu hivi, aianike ikauke vema kabla ya kusaga. Bibi alikaa karibu akisikiliza, na kila nilipolisahau jambo alinikumbusha.