SOMO LA AFYA: "Nipe ya Mgongo" – Dawa Zipi Zinasaidia, na Zipi Zinaumiza Figo

Simama karibu na duka lolote la dawa mjini Kitengela Jumamosi jioni na hutangoja sana kabla ya kusikia ombi hili: "Nipe ya mgongo." Anayeomba huenda ni mwendesha bodaboda aliyekaa juu ya pikipiki tangu alfajiri, fundi wa mjengo aliyeinua mawe siku nzima, au mama aliyebeba mtungi wa lita 20 kutoka kwa kioski cha maji. Mtungi huo ukijaa una uzito wa kilo 20, na yeye huubeba kila siku. Tembe huhesabiwa, hutiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, pesa hulipwa kwa simu, na foleni inasonga. Mara nyingi hakuna anayemuuliza mnunuzi ni dawa gani nyingine anazotumia. Swali hilo ndilo limetufanya tuandike somo la toleo hili.

Tunazungumzia maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, yale ambayo wengi huyaita maumivu ya kiuno na ambayo yamedumu zaidi ya miezi 3. Usidhani uko peke yako. Mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo, na hakuna tatizo lingine la kiafya linalowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi zao. Kwa wengi wao picha ya eksirei haionyeshi chanzo kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole. Hapo ndipo kila mtu huanza kupendekeza dawa yake.

Bora kuliko nini?

Tukiwa chuoni tukisomea uanahabari, tulifunzwa kuuliza swali moja kila tunapoambiwa kwamba kitu fulani ni bora: bora kuliko nini? Kwa dawa za mgongo swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kununua dawa siku ambayo maumivu yamefika kilele. Baada ya siku chache huenda yangepungua hata kama angekunywa maji matupu, lakini sifa zote huendea tembe. Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura: kundi moja hupewa dawa halisi na jingine hupewa tembe bandia inayofanana nayo lakini isiyo na dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa ipi. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo kazi halisi ya dawa.

Tuanze na parasetamoli, kwa kuwa ipo karibu kila nyumba. Mwaka wa 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyiwa Sydney, Australia, kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 waliokuwa na maumivu mapya ya mgongo. Waliomeza parasetamoli kila siku walipona kwa wastani wa siku 17. Waliomeza walipohisi maumivu tu walipona kwa siku 17 pia. Waliopewa tembe bandia? Siku 16. Hao walikuwa na maumivu mapya, si sugu, lakini hata kwa maumivu sugu Shirika la Afya Duniani halipendekezi parasetamoli katika mwongozo wake wa Desemba 2023. Bado ni dawa nzuri ya homa na ya kichwa kinachouma. Kwa mgongo sugu haijaonyesha kazi.

Kundi la pili ni dawa za kupunguza uvimbe, yaani ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake. Hizi zinashinda tembe bandia, na ndizo dawa za kumeza ambazo mwongozo huo unakubali, tena kwa masharti. Lakini zinashinda kwa kiasi gani? Uchambuzi wa mtandao wa Cochrane wa mwaka wa 2016 ulikusanya tafiti kadhaa kuhusu maumivu sugu na kukuta kwamba, katika kipimo cha 0 hadi 100, dawa hizi hupunguza maumivu kwa takriban alama 7 zaidi ya tembe bandia. Kwa mfano, ikiwa tembe bandia ingekushusha kutoka 60 hadi 50, dawa ingekufikisha kwenye 43. Ni nafuu, lakini si ile tunayoahidiwa na aliyetuuzia.

Wengi huuliza kama sindano ya diklofenaki ina nguvu kuliko tembe. Sindano huanza kazi haraka zaidi, basi. Dawa ni ile ile, huingia katika damu ile ile, na inaweza kuleta vidonda vya tumbo hata kama haikupitia mdomoni. Ikidungwa mahali pasipofaa kwenye kalio, inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na aliyeingia akiumwa mgongo akatoka akiburura mguu.

Tatu ni tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni. Watu huamini kwamba dawa kali zaidi lazima iwe bora zaidi. Mwaka wa 2018 watafiti wa Minneapolis, Marekani, walichapisha utafiti wa wanajeshi wastaafu 240 waliokuwa na maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Nusu walitibiwa kwa dawa za jamii ya afyuni na nusu kwa dawa za kawaida, kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka makundi yote mawili yaliweza kufanya kazi za kila siku kwa kiwango kile kile, na waliotumia dawa za kawaida ndio waliokuwa na maumivu madogo kidogo. Kundi la afyuni lilipata madhara zaidi. Tramadoli huleta kizunguzungu na usingizi, inaweza kusababisha degedege, na mwili huizoea hadi mtu anashindwa kuiacha. Dereva anayeimeza ili amalize safari ya Kajiado hadi Nairobi anawahatarisha na abiria wake. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na anayekuuzia bila cheti hakutendei wema.

Dawa za kifafa kama pregabalini nazo siku hizi huandikwa sana. Utafiti wa Australia wa mwaka wa 2017 ulizijaribu kwa watu 209 ambao maumivu yao yalikuwa yakishuka hadi mguuni, na hazikushinda tembe bandia. Shirika la Afya Duniani halizipendekezi kwa mgongo sugu. Halipendekezi pia dawa za kulegeza misuli wala steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni. Hapa tuseme jambo kuhusu unga na vidonge vya "mitishamba ya mgongo" vinavyomaliza maumivu kwa siku moja. Mwaka wa 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi kuhusu bidhaa ya viungo iliyouzwa kama ya asili, ilhali ilipopimwa ilikuwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye pakiti. Dawa ya miti inayofanya kazi kwa kasi hiyo inastahili kutiliwa shaka. (Cha kufurahisha, mojawapo ya tiba chache ambazo mwongozo wa 2023 umezikubali ni dawa ya kupaka yenye pilipili. Usijipake ya jikoni.)

Tangi la maji na figo zako

Sasa turudi kwa swali ambalo halikuulizwa dukani. Wengi wenye mgongo unaouma wamevuka miaka 45, na wengi wa umri huo wana presha. Dawa za presha zinazotumika sana ni kama enalaprili au losatani, na mara nyingi huongezwa nyingine ya kupunguza maji mwilini, kama haidroklorothiazidi. Ni dawa nzuri na hazifai kuachwa. Tatizo huanza diklofenaki inapojiunga nazo.

Fikiria figo kama chujio lililofungwa kwenye bomba la maji. Ili lichuje, linahitaji msukumo: bomba la kuingiza liwe wazi, la kutoa libanwe kiasi, na tangi liwe na maji. Mwili hutumia kemikali ziitwazo prostaglandini kuweka bomba la kuingiza wazi. Kemikali hizo hizo huchangia uvimbe na maumivu, na diklofenaki huzizima kila mahali, mgongoni na kwenye figo. Bomba la kuingiza likabanwa. Enalaprili nayo hulegeza bomba la kutoa, na dawa ya kupunguza maji hushusha kiwango cha tangi. Kila moja peke yake figo huivumilia. Zikikutana zote tatu, msukumo unaweza kuporomoka na figo kuacha kuchuja. Mtu anayevunja mawe juani bila maji ya kutosha, au anayeharisha, yuko karibu zaidi na hatari hiyo.

Mgonjwa hahisi lolote mwanzoni. Figo haziumi zinapoharibika polepole, na diklofenaki huku inapandisha presha, hivyo kliniki huongeza dawa ya presha bila kujua kuna tembe nyingine nyumbani. Dawa za kundi hili pia huongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo na kiharusi, na diklofenaki imo miongoni mwa zile zenye hatari kubwa zaidi. Ibuprofeni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, diklofenaki haimo, lakini sisi huitaja diklofenaki kwanza.

Kwa hivyo, kama una presha, kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, au umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, usinunue dawa hizi bila kuzungumza na daktari. Mama mjamzito, hasa baada ya wiki ya 20, vivyo hivyo. Kwa asiye na hayo, kipimo kidogo kwa siku chache, baada ya chakula, kinatosha kumpitisha kwenye siku mbaya. Kukinywa miezi mfululizo ni jambo jingine.

Kinachobaki, na ambacho mwongozo unakipa nafasi, hakiuzwi kwa tembe: mazoezi yanayoelekezwa na mtaalamu, elimu kuhusu maumivu, kuendelea na shughuli badala ya kulala kitandani. Mikanda ya kiuno inayoning'inizwa sokoni haipendekezwi. Uliza kuhusu huduma ya fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kajiado, au anzia katika kituo cha afya kilicho karibu ili upewe rufaa. Tunajua si rahisi kumwambia mtu anayelipwa kwa siku aende kufanya mazoezi, na tunajua tembe ni nafuu kuliko siku moja bila kazi. Hata hivyo, kutibiwa figo zilizokufa ni kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara kadhaa kwa wiki.

Pale ambapo si mgongo

Katika kaunti ya wafugaji kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipa mstari mmoja. Ugonjwa wa brusela, unaotokana na maziwa mabichi au kumshika mnyama aliyeharibu mimba, hupenda kukaa kwenye mgongo na nyonga. Huja na homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na uchovu. Diklofenaki itauficha, haitautibu. Unahitaji dawa mbili za kuua bakteria kwa takriban wiki 6, baada ya kupimwa. Kifua kikuu nacho hula uti wa mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Kama unakonda bila sababu, una homa, au maumivu yanakuamsha kila usiku, sema hivyo kwa mhudumu kabla hajaandika chochote.

Na kama mguu umepoteza nguvu, umekufa ganzi sehemu za siri, au huwezi kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Siku ya kwenda kliniki, tia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja: za presha, za sukari, za mitishamba, na zile za bahasha ya kaki. Zimwage mezani mbele ya daktari, hata zile unazoona aibu kuzitaja.