Bi harusi wa joka

Hivi, umewahi kusikia hadithi ya msichana aliyetolewa kwa joka? Ziko nyingi duniani. Wajapani wanayo moja iliyoandikwa mwaka 712: joka la vichwa vinane lilikuwa likila binti mmoja wa mzee fulani kila mwaka. Walikuwa mabinti wanane, akabaki mmoja. Susanoo akalilewesha joka kwa pombe, akalikatakata. Siku hizi huko Japani hadithi za aina hii huchorwa kwenye vitabu vya katuni viitwavyo manga, na humo nyoka anaweza hata kuwa mume mzuri!

Ya jirani zetu, Wajaluo wa Kenya, iliandikwa na Grace Ogot miaka ya 1960. Mvua imegoma. Mganga anasema Oganda, binti wa chifu, apelekwe kwa zimwi la ziwani. Wazee wanazungumza ndani, naye Oganda huko nje anadhani wanamjadilia mchumba! Hapo wanafunzi niliokuwa nao Ibadakuli walicheka. Halafu msichana mmoja akasema, "Dada, kwetu ni kinyume. Unasikia wanaongea habari za ng'ombe, kumbe ni wewe." Kimya.

Mwishowe Osinda, kijana anayempenda, anamuwahi njiani, wanatoroka. Na mvua? Inanyesha vilevile, ingawa zimwi halikupewa mtu. Mimi sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Sasa tuje kwetu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba mkoani Shinyanga (enzi hizo ukiwa mpana zaidi) karibu wanawake 59 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Mwili wa msichana mdogo unalipa gharama: nyonga haijakomaa, uchungu wa kuzaa unaweza kukwama siku mbili tatu, mtoto akafa na mama akabaki na fistula, mkojo unavuja bila kuzuilika. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wenye umri huo.

Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Ukiona wageni wanakuja nyumbani na habari za ng'ombe, usingoje siku ya harusi. Mwambie mwalimu unayemwamini, au piga 116, namba ya simu ya watoto. Ni bure.

Jadilini: nyumbani kwenu "mvua" inayosubiriwa ni ipi? Ada, chakula, mahari ya kaka? Na kuna njia gani nyingine ya kuipata?