KIINGEREZA CHA BIASHARA: Neno "only" na gharama ya kusafirisha korosho

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, macho ya wafanyabiashara wa Masasi na Newala huelekea mnadani. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho ghafi za huko huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vikuu vya MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Lakini mzigo unapouzwa India au Vietnam, mkataba huwa wa Kiingereza, na kielezi kimoja kikikaa pabaya hugeuza hesabu yote.

Tazama sentensi hizi tatu:

1. "Only the buyer pays for transport to Mtwara." Mnunuzi peke yake ndiye anayelipa usafiri. Muuzaji hachangii.

2. "The buyer pays only for transport to Mtwara." Mnunuzi analipa usafiri tu. Magunia na upakiaji si juu yake.

3. "The buyer pays for transport only to Mtwara." Mnunuzi analipa usafiri, mwisho Mtwara. Kuanzia hapo mzigo si wake kuulipia.

Maneno ni yale yale, ila mfuko unaotoboka si ule ule. Kanuni ni kuweka "only" mara tu kabla ya neno linalowekewa mpaka. Katika mazungumzo, Waingereza wenyewe huliweka kabla ya kitenzi na kuiachia sauti ifafanue. Karatasi haina sauti.

Kanuni nyingine za kushika ni hizi:

Usitenganishe kitenzi na yambwa yake. Kwa Kiswahili "alikagua vizuri magunia" ni sawa, ndiyo maana wengi huandika "He checked carefully the bags." Hilo ni kosa. Sahihi ni "He checked the bags carefully" au "He carefully checked the bags."

Vielezi vya mazoea, kama "always", "usually" na "never", hukaa kabla ya kitenzi kikuu: "We always dry the nuts." Pakiwa na kitenzi kisaidizi, hukaa baada yake: "We have never sold wet nuts." Kitenzi kikiwa "is" au "are", hukifuata: "The store is always dry."

Mwishoni mwa sentensi, anza kwa namna, kisha mahali, kisha wakati: "The lorry arrived safely in Newala on Monday."

Siku ya malipo ndiyo yenye mtego mkubwa. "We agreed to pay on Friday" husomeka kwamba malipo ni Ijumaa. Kama Ijumaa ni siku ya makubaliano tu, andika "On Friday we agreed to pay", kisha taja tarehe ya malipo yenyewe. Mkopeshaji asiyetajiwa tarehe hana siku ya kudai.

Kabla ya kutia sahihi, mfanyabiashara apigie mstari kila "only", kila siku na kila mahali, kisha aulize: neno hili linashika lipi?

ZOEZI: Sahihisha: "He sells always in October raw nuts."

JIBU: "He always sells raw nuts in October."