SOMO LA ROBO HII: DOMODOMO, SAMAKI ANAYETUMIA UMEME

Wengi wetu tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tumemla domodomo au tumemwona mwaloni: samaki mwenye mdomo mrefu ulioinama, macho madogo na mkia ulioungwa kwenye kiuno chembamba. Mnunuzi huangalia nyama tu. Safari hii tunapenda kumtazama kwa upande mwingine, kwa sababu domodomo ni wa jamaa yenye aina zaidi ya 200 za samaki, wote wa maji baridi ya Afrika, na wote hutoa umeme.

Kiungo cha umeme kimo katika kile kiuno chembamba kabla ya mkia. Ni misuli iliyobadilika, seli zake zikiwa zimepangwa kama sahani moja nyuma ya nyingine, mfano wa betri ndani ya tochi. Ubongo ukitoa amri, zote hufanya kazi kwa pamoja na kutoa mpigo mmoja mfupi sana. Nguvu yake ni ndogo. Mvuvi anayemshika hasikii kitu. Tusimchanganye na kambare wa umeme, wa jamaa nyingine kabisa, anayeweza kufikia volti 350.

Umeme huu una kazi gani? Domodomo hutafuta chakula usiku, akichokora mabuu ya wadudu katika tope. Kila mpigo husambaza umeme majini kuzunguka mwili wake, na ngozi ina viungo vidogo vingi vya kuupokea. Jiwe hupunguza umeme unaofika sehemu fulani ya ngozi. Mdudu aliye hai huuongeza. Hivyo hujua kilicho mbele yake pasipo kukiona. Kazi hii ni nzito: katika aina moja iliyopimwa, ubongo ulitumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Ubongo wa binadamu hutumia kama asilimia 20.

Umeme ni lugha pia. Kila aina ina mpigo wa umbo lake, na dume humtambua jike wa aina yake gizani. Msimu wa kuzaa ukifika, mpigo wa madume wa aina kadhaa hurefuka.

Na msimu huo ni wa mvua. Aina kadhaa ndogo za jamaa hii katika Ziwa Victoria hupanda mitoni kwenda kutaga. Wataalamu waliowafuga samaki wa jamaa hii wameona kwamba kina cha maji kikiongezeka na chumvichumvi ikipungua, kama mvua inavyofanya, mayai huanza kukomaa. Wavuvi nao wanaijua safari hiyo. Nyavu zinazotegwa kukatiza mlango wa mto miezi hiyo huwanasa wangali na mayai tumboni. Nyavu za namna hiyo zilishawapunguza samaki wanaopanda mitoni, ningu akiwa mfano unaojulikana, kabla sangara hajaenea ziwani. Anayemlaumu sangara peke yake anasema nusu ya habari.

Kwa hiyo kamati za sharika zinazoleta maombi ya nyavu tunaziomba zieleze zitategwa wapi na miezi gani. Wazee wa mwalo waulizwe mito ipi samaki hawa walikuwa wakipanda zamani, na kwa majina ya kienyeji, maana si wote wanaoitwa domodomo.