Uvimbe Usiouma Tusiufiche

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya kansa ya matiti. Tumeona tuanze na akina mama wenyewe walioiugua na leo ni wazima, maana wao husikilizwa kuliko sisi wauguzi.

Mama mmoja wa upande wa Iringa, mkulima, aligusa kitu kigumu kama punje ya haragwe katika titi la kushoto alipokuwa akioga. "Hakikuuma," anasema, "nami sikuzoea kwenda hospitali bila kuumwa. Nikasema nimalize kwanza palizi." Alipalilia, akavuna, akapukuchua mahindi. Alipofika kwetu punje ile ilikuwa kubwa kama limau. Titi liliondolewa, akapewa dawa za dripu kwa miezi kadhaa, nywele zikanyonyoka na baadaye zikaota tena. Leo analima. Lakini husema kwamba angekuja na ile punje, huenda titi lingebaki. Ni kweli: uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi huweza kuondolewa peke yake.

Mwingine ni mama wa Rungwe aliyekuwa ananyonyesha. Katika kituo alichokwenda aliambiwa maziwa yameganda, akande kwa maji ya moto. Alikanda miezi minne. "Niliona aibu kurudi, wasije wakaniita mbishi." Hapa tukiri kwamba sisi wauguzi tumekosea namna hiyo zaidi ya mara moja. Mama anayenyonyesha naye huweza kupata kansa. Uvimbe usipoondoka kwa wiki mbili au tatu, rudi, na uombe daktari akuangalie. Huo si ubishi.

Basi mama ayajue matiti yake yalivyo siku zote. Wakati mzuri wa kuyapapasa ni siku chache baada ya hedhi, na aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Atazame uvimbe katika titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, damu itokayo kwenye chuchu, au kidonda kisichopona. Akina baba nao hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache.

Uvimbe mwingi wa matiti si kansa. Lakini mkono wa muuguzi hautoshi kuamua. Daktari huchukua kipande kidogo kwa sindano kikapimwe maabara. Wapo wanaosema sindano hiyo huuamsha ugonjwa ukasambaa. Si kweli. Kinachousambaza ni kukaa nao. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2017 ulionyesha kwamba wagonjwa wapatao 8 katika 10 hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuendelea sana. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike kituoni hadi ugonjwa kujulikana zisizidi siku 60. Sisi tulio mbali, ambao wagonjwa wetu wengi wamesafiri usiku na mchana kwenda kupata mionzi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tunajua siku hizo huisha upesi. Nauli ni tatizo kubwa, na jumuiya nyingine huichangia kama zinavyochangia msiba. Afadhali ichangwe mapema.

Woga hupungua akina mama wakija pamoja. Mwaka 2005 MEWATA, chama cha madaktari wanawake, kilipoita wanawake wapimwe matiti Dar es Salaam, walifurika kwa maelfu. Huku kwetu, yule mama wa Iringa alisimama mbele ya wenzake wa WAWATA baada ya Misa, akawaeleza yaliyompata, na faraghani akawaonyesha kovu. Wiki iliyofuata walikuja wanne pamoja. Watatu hatukuwakuta na kitu. Wa nne alikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya haragwe, na siku hiyo hiyo tukamwandikia barua ya rufaa.