SOMO LA AFYA: Tembea Kidogo, Ubongo Uone Vyema

Dereva anayetoka Garissa kwenda Nairobi ana kilomita zipatazo 370 mbele yake. Jua likishazama, lile umbo jeusi kando ya lami laweza kuwa kichaka au ngamia. Wengi wetu hudhani kulitambua mapema ni kazi ya jicho peke yake. La hasha. Jicho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara. Mistari, kingo na mwendo wa vitu hutambuliwa na ubongo, hasa sehemu yake iliyo kisogoni. Na sehemu hiyo hubadilika mwili unapokuwa katika mwendo.

Mwaka 2010, watafiti Cristopher Niell na Michael Stryker wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwaweka panya juu ya mpira mwepesi unaozunguka, kisha wakawaonyesha picha za mistari. Panya walipokimbia, seli za sehemu hiyo ziliitikia picha kwa zaidi ya maradufu kuliko waliposimama. Wala si kwamba waliosimama walikuwa wamelala. Walikuwa macho kabisa.

Panya si binadamu, bila shaka. Mwaka 2017 Tom Bullock, Barry Giesbrecht na wenzao wa Santa Barbara, pia California, walipima mawimbi ya umeme ya ubongo wa watu waliokuwa wakikanyaga baiskeli isiyosogea huku wakitazama mistari iliyoinama pande tofauti. Ubongo ulipambanua mistari hiyo vizuri zaidi wakati wa zoezi jepesi. Zoezi lilipokuwa zito, faida ilipungua.

Kwetu hii ni habari njema, maana si kila mtu ana nafasi ya kwenda kuinua vyuma. Anayepeleka mbuzi malishoni tayari yumo katika zoezi. Wa kuhimizwa ni sisi wa ofisini, mwenye duka anayeketi tangu asubuhi, na mwendesha bodaboda ambaye pikipiki ndiyo inayotembea, si yeye. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano, inatosha.

Ila usitembee saa saba mchana. Joto la Garissa hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mwili uliopungukiwa maji huleta kizunguzungu na macho kuona giza. Tembea baada ya alfajiri au baada ya alasiri. Mwezi wa Ramadhani, ngoja hadi umefuturu na kunywa maji.

Tusipotoshane, hata hivyo. Dereva mwenye usingizi anahitaji kulala. Kuzunguka gari mara mbili hakutamwondolea usingizi. Mtoto asiyesoma ubaoni anahitaji kupimwa, na huenda akahitaji miwani.

Mwenye kisukari ndiye wa kuangalia zaidi. Sukari ikizidi kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho bila maumivu yoyote, na anaweza kuendelea kuona vizuri huku uharibifu ukiendelea. Kutembea humsaidia kushusha sukari, lakini apimwe macho mara moja kila mwaka, na amuulize daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito.