Mtoto Hakulazimika Kusimulia

*Nafundisha mwaka wa tatu wa msingi hapa Goma. Kwenye semina ya siku tatu tuliambiwa watoto watoe yaliyo moyoni. Nikamsimamisha mvulana mmoja aeleze walivyokimbia Masisi. Alilia, darasa zima likalia, na tangu hapo nikimwita haitiki. Mimi mwenyewe usiku silali. Je, nimemharibu?*

Mama Mwalimu, hukumharibu. Ulifanya ulichofundishwa, na ulifundishwa vibaya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu aliyepatwa na tukio la kutisha hivi karibuni asipitishwe kwenye vikao vya kulisimulia upya kama kinga. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa 2011 unataka mambo matatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Kusikiliza si kuhoji.

Mwite pembeni wakati wa mapumziko. Mwambie: “Sikupaswa kukuuliza mbele ya wenzako. Sitakuuliza tena. Ukitaka kuniambia kitu, nipo.” Kisha timiza.

Mtoto huyo alikimbia kwao, halafu waasi wa M23 wakauteka mji uliompokea, Januari 2025. Hana hakika na kesho. Mpe basi darasa lisilomshtua: wimbo uleule kila asubuhi, ratiba ubaoni, na kabla ya kubadilisha kitu, sema. Pikipiki ikitoa mlio wa mlipuko barabarani, usiendelee na hesabu kana kwamba hujasikia. Sema, “Ni pikipiki,” pumueni pamoja, mrudi kwenye hesabu. Akichora bunduki, mwache achore. Akisinzia, huenda hakulala; akijikojolea, hakukusudia. Fimbo iache kabisa.

Zikipita wiki kadhaa hachezi, hali vizuri, hasemi na mtu, zungumza na walezi wake mumpeleke kituo cha afya. Akitaja kufa, msingoje hata siku moja. Kumtibu si kazi yako, nawe una watoto wengine wanaokutazama.

Na wewe je? Vita vilikupitia wewe pia. Tafuta walimu wawili unaowaamini, mkae pamoja kila Ijumaa baada ya masomo, hata kama mtaishia kulalamikia mshahara. Usingizi ukizidi kukukimbia, kituo hichohicho cha afya ni chako pia.

Wenye semina watarudi, hawakosi. Vyeti vyao tunavyo vya kutosha kupamba ukuta. Wakikupa karatasi ya mahudhurio, kabla ya kusaini waulize: nani atakuja kukaa darasani kwangu mwezi ujao, na mtoto akizidiwa nimpigie nani?